Blogu yako iko namba ngapi? Jinsi ya kufuatilia nafasi Google bila kujidanganya, na wasomaji waongezeke

Ukitaka kumjua mtu aliyeanzisha blogu juzi, angalia historia ya simu yake. Kaandika kichwa cha makala yake Google mara kumi kwa siku moja, akiikuta ya kwanza anapiga skrinishoti anairusha kwenye magrupu, kesho yake akiikuta ya saba siku nzima imeharibika. Nawajua kwa sababu mi mwenyewe nilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Nina blogu ndogo ya ushonaji, makala kama sitini hivi, nyingi ni za matatizo ya cherehani, na kipindi chote hicho nilijiona "namba moja" wakati kwa siku walikuwa wanaingia watu wanne, na mmoja wao alikuwa mimi.

Ukijitafuta mwenyewe, majibu unayoyaona ni ya kwako wewe. Google inaangalia uko wapi, unatumia lugha gani, uko kwenye simu au kompyuta, na mara nyingine huko nyuma ulikuwa unafungua nini, sasa we unayeifungua blogu yako kila baada ya saa moja unategemea ikuonyeshe nini? Dirisha la siri la brauza linasaidia kidogo tu, linaficha historia yako lakini halifichi uko wapi. Alafu kubwa kuliko yote, unatafuta kwa kichwa cha habari ulichokitunga mwenyewe, maneno ambayo hakuna binadamu mwingine anayeyaandika hivyo, kwa hiyo hata ukiwa wa kwanza unamshinda nani?

Basi hapa naeleza ninavyofanya saivi. Inakula kama nusu saa kwa wiki, hulipii kitu, na nina kanuni moja tu: namba yoyote isiyoniambia kesho nikaguse makala gani, siiangalii.

Anza na Search Console, na uanze leo

Google Search Console ni ya bure na ndiyo sehemu pekee ambapo Google wenyewe wanakuambia watu waliandika nini mpaka wakakuona. Sajili blogu yako hata kama ina makala tatu, kwa sababu inaanza kukusanya kuanzia pale unapoisajili, ya nyuma hairudishi, na ikishakusanya inakutunzia miezi 16 basi. Mtu anayesema "nikifikisha makala hamsini ndo nitasajili" atafika hamsini hana kumbukumbu yoyote ya alikotoka.

Kuthibitisha kwamba blogu ni yako kuna njia mbili kubwa. Kama una domeini yako mwenyewe chagua njia ya domeini, utapewa mstari mmoja wa maandishi, unaenda kuubandika kama rekodi ya TXT kwenye DNS (mipangilio inayoelekeza domeini yako) kule uliponunulia domeini, na hiyo inakamata kila kitu kwa mpigo, yenye www na isiyo nayo, http na https. Kama uko kwenye jukwaa la bure na DNS si yako, chagua njia ya anwani, utapewa kipande kifupi cha msimbo ukiweke kwenye sehemu ya juu ya html ya blogu. Mara nyingi ni dakika chache, ila ya DNS inaweza kuchelewa kidogo, usianze kufutafuta vitu, subiri.

Ukishaingia peleka ramani ya tovuti, yaani sitemap, orodha ya kurasa zako. WordPress inajitengenezea yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, iko kwenye anwani ya blogu ukiongeza /wp-sitemap.xml mwishoni, Blogger ni /sitemap.xml, na kama umeweka plagini ya SEO (ya kusaidia blogu ionekane kwenye utafutaji) huenda yenyewe ina anwani yake tofauti, angalia kwenye setingi zake. Unaibandika mara moja unaondoka.

Kabla hujafanya kingine chochote, kama uko WordPress nenda kwenye setingi za Reading uangalie kile kiboksi cha kuzuia injini za utafutaji. Watu wanakitiki wakati blogu bado inajengwa ili isionekane haijakamilika, alafu wanasahau. Mi nilikaa na tiki hiyo wiki tatu huku nalalamika kwamba Google hawapendi Kiswahili. Usicheke, kacheki ya kwako kwanza.

Na ukimaliza, tenga dakika mbili uingie Bing Webmaster Tools, ukikubali inavuta blogu yako yote kutoka Search Console bila kuthibitisha upya. Wanaotumia Bing ni wachache ndiyo, ila DuckDuckGo, injini nyingine ya utafutaji, nao sehemu kubwa ya majibu yao wanayatoa Bing, kwa hiyo umeshika wawili.

Namba nne, moja inakudanganya

Ukifungua ripoti ya Performance utakutana na namba nne. Kliki ni watu waliobonyeza wakaja kwako. Impresheni ni mara ambazo linki yako ilitokea kwenye majibu ya mtu, hata kama hakushuka mpaka pale ilipo. Ya tatu ni asilimia ya kliki, kliki gawanya kwa impresheni. Ya nne ni nafasi ya wastani, na hii ya nne ndo imewatoa watu machozi bila sababu.

Chukua mfano. Tuseme una makala moja tu inayotokea, iko nafasi ya 4, na mwezi huu imetokea mara 100. Wastani wako ni 4, safi kabisa, unajiona fundi. Mwezi unaofuata umeandika makala mpya tatu, Google imeanza kuzionja, inazionyesha mbali huko nafasi ya 50, zimetokea mara 300. Ya zamani haijasogea, bado ni ya 4 na mara 100 zake. Piga hesabu: 4 mara 100 ni 400, 50 mara 300 ni 15,000, jumla 15,400, gawanya kwa 400, unapata 38.5. Umetoka nafasi ya 4 mpaka ya 38 na nusu na hujapoteza msomaji hata mmoja, yaani blogu imekua na grafu inasema imekufa. Nimeona mtu kafuta makala zake mpya kwa sababu "zimeshusha blogu". Hazijashusha kitu, ni wastani tu.

Kwa hiyo nafasi ya wastani ya blogu nzima usiihangaikie. Nafasi inakuwa na maana ukishachuja mpaka neno moja (yaani kile mtafutaji alichoandika), ukurasa mmoja, na ikibidi nchi moja na kifaa kimoja, hapo namba inaanza kusema ukweli. Bonyeza neno, alafu nenda tabo ya kurasa, utaona ni makala gani inayotokea kwa neno hilo na ni ya ngapi.

Mambo mawili ya kukutoa wasiwasi. Data kamili inachelewa siku mbili tatu hivi, kwa hiyo usiposti asubuhi ukategemea picha kamili jioni. Na ukijumlisha kliki za maneno yote kwenye jedwali hazitalingana na jumla iliyoandikwa juu, si kosa lako, maneno yanayotafutwa na watu wachache sana Google inayaficha ili watafutaji wenyewe wasijulikane. Blogu ndogo inaumia zaidi hapo maana wasomaji wetu wengi wanakuja kwa maneno ya ajabu ajabu ambayo hakuna mwingine kayaandika.

Shiti la wiki

Chagua siku moja. Mi ni Jumatatu usiku, nachukua spredishiti ya kawaida kabisa. Nina maneno kumi na mbili tu ninayoyafuatilia, si mia, na sikuyatunga kichwani, niliyatoa kwenye ripoti yenyewe, yale ambayo tayari natokea na ambayo makala yangu kweli inayajibu. Kila neno lina mstari wake: neno, makala, nafasi, impresheni, kliki, na safu ya mwisho inaitwa "nilichobadilisha".

Safu hiyo ya mwisho ndo mali. Zile nyingine utazipata ukirudi Search Console ndani ya ile miezi 16, lakini hakuna popote duniani patakapokukumbusha kwamba tarehe fulani ulibadilisha kichwa cha habari, au uliongeza picha, au ulihamisha jibu kutoka chini ukalileta juu. Miezi miwili baadaye unaona neno limetoka nafasi ya 17 kwenda ya 6 na hujui ulifanya nini, sasa utarudiaje kwenye nyingine?

Kipindi ninachoangalia ni siku 28 zilizopita nikilinganisha na 28 za kabla yake. Namba hiyo nimeichagua kwa sababu ni wiki nne kamili, kila upande una Jumamosi nne na Jumapili nne, ukilinganisha mwezi na mwezi unakuta mmoja una wikiendi tano mwingine nne na unaanza kutafsiri vitu ambavyo havipo. Ukitaka kujua kuhusu msimu linganisha na kipindi hichohicho mwaka jana, ndo maana nikasema sajili mapema.

Alafu jamani kuwa mpole na namba ndogo. Impresheni kumi kliki moja ni asilimia 10, wiki ijayo impresheni kumi kliki mbili ni asilimia 20, "imepanda mara mbili!", hapana, kaongezeka mtu mmoja. Neno lisilofikisha hata impresheni hamsini kwa siku 28 mi silitolei uamuzi wowote, naliacha likue.

Hela iko nafasi ya nane mpaka ya ishirini

Hapa ndo pa kukaa, na ndo napotumia muda mwingi kuliko sehemu yoyote. Panga maneno kwa impresheni, alafu chuja nafasi, utafute yale uliyo kati ya 8 na 20. Hayo maana yake Google imeshakubali kwamba unahusika, iko inasitasita tu, na binadamu hashuki mpaka huko. Kulisogeza neno kutoka 14 kwenda 5 mara nyingi ni kazi ya jioni moja, wakati kuandika makala mpya kabisa ukisubiri ijulikane ni miezi.

Nikupe niliyoyafanya mimi. Nilikuwa na makala moja ndefu inaitwa "Matatizo ya kawaida ya mashine za kushonea na ufumbuzi wake", nilijivunia sana hicho kichwa. Ripoti ikaniambia watu wanaandika "cherehani inakata uzi", "cherehani inaruka mishono", "uzi wa chini hautoki". Hakuna mtu kaandika mashine ya kushonea. Hakuna mtu kaandika ufumbuzi. Mtu kakaa na nguo ya watu mbele yake, uzi umekatika mara ya sita, ana hasira, anaandika kama anavyoongea, na mi nilikuwa nimemwandikia kama mtihani.

Nikaikata ile makala vipande vitatu, kila tatizo na ukurasa wake, kichwa kikawa ni yale maneno yao yenyewe. Na jibu nikalipandisha juu kabisa: inaruka mishono, badilisha sindano kwanza, angalia kama imepinda, kama ni butu, kama umeichomeka kinyume, kama ni saizi ya kitambaa unachoshona. Maelezo ya kwa nini yakaenda chini. Zamani nilikuwa naanza na historia ya cherehani, aya tatu, sijui nilikuwa namwandikia nani. Ile makala ya zamani sikuifuta, niliiacha iwe fupi na iwapeleke watu kwenye zile tatu kwa linki, na ukifuta kabisa ukurasa ambao tayari unatokea weka ridairekti ya 301 (inamhamisha msomaji yenyewe, moja kwa moja) kwenda kwenye mpya, usiwaachie watu ukurasa mtupu.

Kiswahili kina jambo lake hapa ambalo miongozo mingi ya SEO haikuambii. Kitenzi chetu kinabadilika umbo, mtu mmoja ataandika inakata uzi, mwingine uzi unakatika, mwingine inakatakata, mwingine "sewing machine inakata nyuzi" nusu kwa nusu. Usitengeneze kurasa nne, ni swali moja hilo. Tengeneza ukurasa mmoja, chagua umbo lenye impresheni nyingi liwe kwenye kichwa, mengine yatumie ndani kwenye vichwa vidogo na kwenye sentensi kama unavyoongea kawaida. Ukitengeneza nne zitaanza kugombania nafasi zenyewe kwa zenyewe, leo inatokea hii kesho ile, na zote ziko ya 20. Kama unahisi zinagombana, chuja neno hilo alafu angalia tabo ya kurasa, ukikuta kurasa mbili au tatu zimegawana impresheni za neno moja, ziunganishe.

Kuna mchujo mmoja naupenda sana. Kwenye kuchuja maneno chagua regex (kutafuta maneno kadhaa kwa mpigo, alama ya | ni "au"), ubandike hii:

jinsi|namna|kwa ?nini|mbona|vipi

Mengi inayokuletea ni maswali, na ukiyasoma kwa utulivu utapata orodha ya makala za miezi mitatu bila kuumiza kichwa. Mengine utakuta blogu yako inatokea kwa swali ambalo hujalijibu kabisa, umelitaja tu pembeni kwa sentensi moja. Hiyo ni makala inakusubiri.

Sasa kama neno liko juu, nafasi ya 2 au 3, impresheni nyingi lakini kliki hakuna, shida si makala, mtu hajaifungua hata. Jitafute kwa neno hilo mara moja (hapo naruhusu) uangalie ukurasa wa majibu unafananaje. Labda kichwa chako kimekatwa katikati. Labda wa juu yako wote wameandika jibu kwenye kichwa na we umeandika fumbo. Google wakati mwingine inakibadilisha kichwa chako yenyewe, hilo huna amri nalo kamili, ila ukikuta wamekibadilisha jiulize kwa nini chako hakikuwatosha. Na siku hizi kuna jibu la AI linalokaa juu kabisa, swali la "saizi gani" au "ngapi" linajibiwa palepale na mtu anaondoka zake. Maneno ya namna hiyo nimeacha kuyapigania. Nayapigania yale ambayo mtu anahitaji kuona picha, hatua, makosa niliyoyafanya, vitu ambavyo mistari mitatu haitoshi.

Na linki za ndani. Watu wanazidharau kwa sababu ni rahisi. Chukua makala ile ya nafasi ya 14, tafuta makala zako tano ambazo tayari zina wasomaji, weka humo linki inayoelekea kwake ukitumia maneno ya kueleweka, si "bonyeza hapa". Basi. Nimeona neno likisogea kwa hilo peke yake.

Alama za watu wengine

Utakutana na watu wanauliza "DA yako ngapi?" Domain Authority ni kipimo cha kampuni ya Moz, Domain Rating ni cha Ahrefs, wote wanakadiria kwa kuangalia linki zinazokuja kwako, na Google haitumii hata kimoja. Si vibaya kuviangalia kama unalinganisha blogu mbili, ila ukivigeuza kuwa lengo utaanza kununua linki, na kununua linki ili upande ni kinyume na sera za spamu za Google, siku wakikukamata unaanza upya. Waliokuwepo zamani wanakumbuka ile tulbaa ya PageRank, iliyoonyesha kwenye brauza alama ambayo Google imeupa ukurasa wako, ikafungwa 2016, wakahamia Alexa, tulikuwa tunaingia kila asubuhi kuangalia tumekuwa wa ngapi duniani, ikafungwa Mei 2022. Walioishi kwa namba hizo walibaki wakihangaika. Walioishi kwa wasomaji hawakusikia hata kishindo.

Wasomaji wenyewe sasa

Search Console inaishia mlangoni, haikuambii mtu akishaingia alifanya nini. Kwa hilo unahitaji kihesabio, Google Analytics 4 ni bure ila kwa blogu ndogo ni kama kupewa chumba cha rubani ukaendeshe baiskeli. Matomo na Umami unaweza kuziweka kwenye seva yako mwenyewe bure, Plausible nayo ni rahisi kuielewa. Chochote utakachochagua, cha kwanza jitoe mwenyewe kwenye hesabu, kwenye kompyuta na kwenye simu, kumbuka wale watu wanne wa mwanzo. Cha pili ukiona siku moja wameingia watu mia mbili kutoka tovuti usiyoijua na wote wamekaa sekunde sifuri, hao ni maboti, usiite watu kusherehekea.

Linki unazoshea WhatsApp mara nyingi zinaonekana kama mtu kaja moja kwa moja, hujui ni grupu gani lililomleta. Ongeza mkia mwishoni mwa linki, mfano ?utm_source=whatsapp&utm_medium=grupu&utm_campaign=sindano, ukibadilisha jina la mwisho kwa kila unapoposti. Wiki mbili tu utajua grupu gani linasoma na lipi linatuma vidole gumba bila kufungua. Ila mikia hii usiiweke kwenye linki za ndani ya blogu yako, utaharibu hesabu, msomaji aliyetoka Google ataonekana katoka kwenye blogu yako mwenyewe.

Kuhusu kuwaongeza, naomba niseme wazi kwamba Google inaleta wapita njia. Mtu katatua uzi wake kaenda. Blogu inakua pale wapita njia wachache wanaporudi, na njia niliyoiona inafanya kazi ni barua pepe. Najua inaonekana ya kizamani. Lakini ukurasa wako wa mtandao wowote wa kijamii unaweza kupunguziwa watu usiku mmoja bila kuulizwa, wakati orodha ya imeli ukihama jukwaa unahama nayo. Usiweke kile kiboksi kinachoruka usoni mwa mtu kabla hajasoma hata mstari mmoja, weka mwishoni mwa makala, na ahidi kitu kinachoendana na makala hiyohiyo. Aliyesoma kuhusu kukata uzi mwambie kila wiki mbili unatuma tatizo moja la cherehani na dawa yake. Usimwambie "jiunge na jarida letu", jarida gani, la nani. Na uingize walioomba tu, kukusanya imeli za watu ukawaweka kwa nguvu ni njia fupi ya kuishia kwenye spamu.

Kwenye imeli ya kwanza uliza swali moja: cherehani yako inakusumbua nini saivi? Watajibu wachache, ila hao wachache wanaandika kwa maneno yaleyale wanayoyaandika Google, na hapo duara linafunga, majibu yao yanakuwa vichwa vya makala zako, makala zinaleta wapita njia, wachache wanajiunga, wanajibu tena. Mi robo tatu ya makala zangu za mwaka huu zimetoka kwenye majibu hayo.

Ukiona sehemu watu wanauliza jambo unalolijua, jibu palepale kikamilifu, jibu ambalo mtu akilisoma ametoka na msaada hata asipobonyeza, alafu linki iwe ni kwa anayetaka picha au hatua zaidi. Anayedondosha linki tupu na kukimbia anafukuzwa, na anastahili.

Mambo ya kasi sitakaa nayo sana. Pitisha ukurasa wako PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, kwa upande wa simu, kitu kikubwa kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5, na maandishi yasirukeruke wakati picha zinapakia. Blogu nyingi ndogo ugonjwa wake ni mmoja, picha iliyotoka kwenye kamera ikapandishwa ilivyo, megabaiti nne. Ipunguze kabla hujaipandisha. Tuendelee.

Siku grafu ikianguka

Itaanguka, kila blogu inaanguka wakati fulani. Usibadilishe kitu siku hiyohiyo. Kwanza angalia kama ni data tu haijafika, siku mbili za mwisho kwenye grafu mara nyingi zinaonekana pungufu. Alafu linganisha na mwaka jana kipindi hichohicho, vitu vingi vina msimu wake. Alafu tenganisha: impresheni zimeshuka au ni kliki tu? Kama impresheni ziko palepale na nafasi iko palepale ila kliki zimepungua, ukurasa wa majibu umebadilika, kuna kitu kimekaa juu yako. Kama impresheni na nafasi vyote vimeshuka, nenda tabo ya kurasa uone ni kurasa zote au ni moja.

Ikiwa ni moja, ibandike anwani yake kwenye kile kiboksi cha juu cha kukagua ukurasa, kitakuambia kama bado iko kwenye kumbukumbu za Google. Kama imetoka, tafuta ulichogusa: umebadilisha anwani ya ukurasa bila ridairekti, umeweka plagini mpya, umebadilisha themu ikaja na noindex yake (amri ya kuiambia Google isiuweke ukurasa kwenye majibu). Ikiwa bado iko ila imeshuka, tafuta kwa lile neno usome makala tatu zilizokupita, uzisome kweli, kama msomaji mwenye shida. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo nilikuta mtu kaweka picha nane za jinsi uzi unavyopita, hatua kwa hatua, mi nilikuwa na moja imepigwa gizani. Kanishinda kihalali. Nikachukua cherehani nikaisogeza dirishani.

Na kama ni kurasa zote kwa pamoja, angalia kile kiboksi cha Reading kwanza, kweli nakuambia, alafu angalia kama Google wametangaza mabadiliko makubwa wiki hiyo, huwa wanatangaza yakianza na yakiisha, na yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Yakiwa bado yanaendelea usiguse chochote, namba zinapanda na kushuka kila siku. Yakiisha subiri wiki moja nzima, ndo ufungue shiti lako uangalie ni maneno gani kati ya yale kumi na mbili yamesogea na safu ya mwisho inasema nini.